Kimongolia na Kiodia
Kimongolia, kinachozungumzwa Mongolia na kaskazini mwa China, na Kiodia (zamani Kioriya), lugha ya jimbo la Odisha nchini India, ni lugha zisizo na nasaba moja, kwani Kiodia ni cha familia ya Kihindi-Kiulaya, ilhali Kimongolia si cha familia hiyo. Zote huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, ila ufanano huo usichukuliwe kuwa udugu. Kinachokipambanua hasa Kimongolia ni upatanifu wa irabu, yaani kanuni inayozifanya irabu za kiambishi zifuate zile za mzizi, hivi kwamba “kutoka kitabuni” ni *nomoos* lakini “kutoka nyumbani” ni *gerees*. Kiodia kwa upande wake hutambulika kwa herufi zake za mviringo, umbo linalohusishwa na uandishi wa kalamu ya chuma juu ya majani ya mtende, ambayo mistari iliyonyooka ingeyapasua.