Ruta ya nyumbani ni ya nani? Historia ya WRT54G na leseni iliyoifungua

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu na Lubumbashi kuna kisanduku kidogo chenye antena na taa zinazomulika, juu ya kabati au kwenye kona ya sebule. Wakaaji wengi hukiita Wi-Fi tu, lakini jina lake ni ruta. Kinapokea laini moja ya intaneti na kuigawa kwa simu na kompyuta zote za nyumba. Kila chombo hupewa anwani yake, na wanaojaribu kuingia kutoka nje bila ruhusa huzuiwa. Mwenye nyumba amekilipia kwa dola zake, lakini mara nyingi hawezi kujua kinafanya nini ndani wala kukirekebisha. Miaka zaidi ya 20 iliyopita, ruta moja ilizua ugomvi uliobadilisha hali hiyo.

Ruta hiyo ni WRT54G. Kampuni ya Marekani ya Linksys ilianza kuiuza mwezi wa 12 mwaka 2002. Ilikuwa ya rangi ya buluu na nyeusi, na antena mbili kwa nyuma. Ndani yake kulikuwa na megabaiti 16 za RAM na megabaiti 4 za kuhifadhia programu, kiasi kidogo sana kuliko simu yoyote ya kisasa. Ilinunuliwa kwa wingi. Mwezi wa 3 mwaka 2003, kampuni kubwa ya Cisco ilitangaza kwamba inainunua Linksys kwa karibu dola milioni 500.

Miezi michache baadaye, mwezi wa 6 mwaka huohuo, Andrew Miklas aliwaandikia watengenezaji wa Linux kuwajulisha kwamba programu yao inaendesha ruta ya Linksys, lakini kampuni haitoi msimbo wake. Msimbo ni maandishi yanayosomwa na mtaalamu ili ajue programu inafanya nini na jinsi ya kuibadilisha. Bila hayo, programu ni kama chungu kilichofunikwa: unakula kinachopakuliwa, hujui kilivyopikwa.

Hapa ni lazima kueleza jambo moja. Linksys haikukosa kwa kutumia Linux bila kulipa. Linux ni programu huria, na yeyote anaruhusiwa kuitumia, hata mfanyabiashara anayetafuta faida. Kosa lilikuwa kuvunja sharti lake.

Sharti hilo lina historia yake. Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi kwenye maabara ya chuo kikuu cha MIT huko Marekani, alikasirishwa na mashine ya kuchapisha iliyokuwa ikikwama mara kwa mara. Alijua jinsi ya kuitengenezea programu, lakini alinyimwa msimbo. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, wa kuandika programu ambazo kila mtu angeweza kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadilisha na kuzigawa. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL. Leseni hiyo inasema hivi: ukimpa mwingine programu hii, mpe pia msimbo na haki zote ulizopewa wewe. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki nchini Finland, alianzisha Linux mwaka 1991, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni hiyohiyo.

Basi Linux iliingiaje katika ruta ya Linksys bila msimbo kufuatana nayo? Jibu linaonyesha jinsi vifaa vya elektroniki vinavyotengenezwa. Linksys ilipata ruta hiyo kwa kampuni ya CyberTAN ya Taiwan. CyberTAN nayo ilijenga juu ya chipu ya Broadcom na programu iliyokuja nayo. Cisco ilinunua Linksys wakati kazi hiyo imekwisha. Kila mmoja alipokea kutoka kwa wa nyuma yake na kumuuzia wa mbele yake, na haki ya mnunuzi wa mwisho ikapotea njiani.

Shirika la Free Software Foundation, pamoja na waandishi wa programu zilizotumika, walidai haki hiyo. Mwaka 2003 haukuisha kabla msimbo haujatolewa hadharani. Mwezi wa 1 mwaka 2004 kundi la watu wa kujitolea lilianzisha mradi wa OpenWrt, wakianzia kwenye msimbo huo. Hata jina la mradi linatokana na ruta ile.

Kilichofuata kiliwashangaza wengi. Ruta ya bei ndogo ilianza kufanya kazi za mashine za bei kubwa. Watu waliweza kupanga nani apate kasi kiasi gani, kuunganisha ruta mbili bila waya na kuimarisha ulinzi. Mjini Berlin, kundi la Freifunk liliandaa programu yake juu ya OpenWrt, na majirani wakaunganisha paa kwa paa hadi kuwa na mtandao wao wenyewe. Wazo la mtandao wa jamii si geni Kivu pia: kisiwani Idjwi, wakaaji wamejua Pamoja Net, mtandao wa Wi-Fi uliowekwa kwa ajili ya jamii ya kisiwa hicho.

Lakini mlango uliofunguliwa unaweza kufungwa tena. Mwaka 2005 lilitoka toleo la tano la WRT54G. Nafasi ya programu ilipunguzwa hadi megabaiti 2, RAM hadi megabaiti 8, na Linux ikaondolewa ili kuwekwa VxWorks, programu isiyo huria. Kwa wapenzi wa Linux, Linksys ilitoa mashine nyingine, WRT54GL, yenye umbo lilelile. Ajabu ni kwamba hiyo GL ndiyo iliyodumu: zaidi ya miaka 10 baadaye ilikuwa bado inauzwa. Kuifungua ruta hakukuua biashara.

Mahakama nazo zilisema. Mwaka 2004, mahakama ya Munich nchini Ujerumani ilikubaliana na Harald Welte, mmoja wa waandishi wa sehemu ya Linux inayochuja mawasiliano, katika kesi yake dhidi ya kampuni ya ruta ya Sitecom. Ilithibitishwa kwamba sharti la GPL lina nguvu ya kisheria. Mwezi wa 12 mwaka 2008, Free Software Foundation iliishtaki Cisco kuhusu bidhaa za Linksys. Mwaka 2009 pande mbili zilipatana: Cisco ilikubali kumteua msimamizi wa kuhakikisha leseni zinaheshimiwa, na kulichangia shirika hilo fedha.

Mwaka 2004 huohuo, haki ileile ilizaa tunda katika lugha ya Kiswahili. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandika barua na kupanga hesabu, yenye menyu za Kiswahili. Msimbo ulikuwa wazi, kwa hiyo hawakulazimika kungoja kampuni ya mbali iamue kama Waswahili ni soko la kutosha.

Leo jambo hili linagusa mfuko na usalama wa mkaaji wa kawaida. Kampuni inapoacha kutoa masahihisho ya programu, ruta inabaki na matundu ambayo wezi wa mtandaoni wanayajua, hata kama taa zake bado zinawaka. Mwenye ruta inayokubali OpenWrt anaweza kuirudishia uhai bila kununua nyingine. Ila si kila ruta inakubali. Ni lazima kusoma modeli na nambari ya toleo iliyoandikwa chini ya kisanduku, na kuitafuta kwenye orodha ya mradi, kwa sababu programu isiyo yake inaweza kuiua kabisa. Zile za zamani zenye megabaiti 4 za programu na 32 za RAM hazina tena nafasi kwa matoleo mapya.

WRT54G yenyewe imezeeka. Lakini historia yake inaonyesha kwamba haki iliyoandikwa katika leseni haikujitekeleza yenyewe. Ilibidi kwanza mtu afungue kisanduku, aone kilichomo, na aulize.