Kutoka maduara ya Bulyanhulu hadi Law School: msoto wa "mawakili" wa kanda ya dhahabu

Wadau, leo tuwaache wasanii wapumzike kidogo. Kuna watu ambao hakuna anayewapiga picha wala kuwaposti. Ni wale vijana wa Kahama, Katoro na Geita mjini wenye digrii ya sheria kabatini, ambao mchana wanasimamia karasha la mjomba na usiku wanapiga msuli. Mtaani wameitwa "wakili" tangu mwaka wa kwanza chuo. Uwakili wenyewe bado.

Ukiwaona unaweza kusema ni wavivu. Mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, mpaka nilipoanza kufuatilia huu mlango umejengwa lini na nani.

Enzi za mkoloni kusomea sheria ilikuwa lazima upande meli kwenda Uingereza, na serikali ya wakati ule haikuwa na haraka ya kumpeleka Mwafrika huko. Ikaundwa kamati chini ya Lord Denning, jaji maarufu wa kule, kuangalia elimu ya sheria kwa wanafunzi wa Afrika. Oktoba 1961, Tanganyika ikiwa haijapata hata uhuru, Kitivo cha Sheria kikafunguliwa Dar es Salaam kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi walikuwa 14 tu, tena wa Afrika Mashariki nzima. Hebu fikiria ni wangapi kati yao wangetokea Usukumani.

Sasa ruka mpaka Bulyanhulu 1996. Wakati huo ni wilaya ya Kahama, mkoa wa Shinyanga, na wachimbaji wadogo wamejaa na maduara yao. Kampuni ya kigeni inataka eneo, serikali inaamuru watu waondoke. Wachimbaji wakakimbilia Mahakama Kuu, Tabora. Wakapata zuio. Karatasi ikawa mkononi, lakini Agosti ile ile watu wakaondolewa na mashimo yakafukiwa. Wanaharakati walidai kuna watu walifukiwa wakiwa hai, serikali na kampuni wakakanusha, na mabishano hayo yaliendelea kwa miaka mingi. Mgodi ukaanza uzalishaji 2001. Geita nao ulikuwa umeshaanza, mwaka 2000.

Ninachotaka ukione hapa ni kwamba wale wazee walijua kuchimba, kuchenjua na kupima. Kilichowapiga chenga ni makaratasi. Leseni ni ya nani, fidia inahesabiwaje, zuio likipuuzwa unafanya nini kesho yake asubuhi? Mtu wa kuwajibu kwa Kisukuma au Kiswahili, anayekaa nao pale pale, hakuwepo. Ndiyo maana familia nyingi za kanda hii zikaanza kuuza ng'ombe ili mtoto mmoja akasome sheria. Wengine ni watoto na wajukuu wa wale wale wa maduara.

Zamani ukimaliza digrii ulikwenda mafunzo ya kazi serikalini, kisha unahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Mwaka 2007 ikatungwa sheria ya kuanzisha Law School of Tanzania, na 2008 wanafunzi wa kwanza wakaingia. Wenzetu wa Marekani wana mtihani wao wa LSAT tangu 1948, unaufanya kabla hujaanza kusoma. Makerere nao wamewahi kuwa na mtihani wa kuingilia sheria. Sisi mlango mgumu tumeuweka mwishoni, baada ya mtu kumaliza miaka yake minne na ng'ombe wa baba.

Oktoba 2022 nchi nzima ikausikia huo mlango ukifungwa. Matokeo yalitoka: kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja ni 26. Wenye sup 342. Walioanguka kabisa 265. Mitandaoni ilikuwa vita, wengine wanasema vyuo vinatoa digrii za bure, wengine wanasema Law School inakamua watu. Waziri wa Katiba na Sheria, Damas Ndumbaro, akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe.

Kwa maoni yangu pande zote zilikuwa na haki kidogo, ila lugha haikusemwa vya kutosha. Mtoto wa Bukombe anasoma Kisukuma nyumbani, Kiswahili shule ya msingi, halafu anatakiwa aandike hati ya madai kwa Kiingereza cha wakoloni na saa inakimbia. Mwaka 2020 Jaji Zephrine Galeba, akiwa Musoma, aliandika uamuzi kwa Kiswahili katika kesi iliyouhusu mgodi wa North Mara. Februari 2021 Rais Magufuli akamsifia hadharani na kumpandisha Mahakama ya Rufani, na mwaka huo huo Bunge likakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Safi sana! Lakini madesa yaliyopo mezani kwa hawa vijana bado ni ya Kiingereza.

Kuna dada mmoja wa Katoro, jina kapuni. Mama yake ana mgahawa karibu na machimbo. Alipata sup, akarudi nyumbani kwa sababu kupanga chumba Dar bila kipato haiwezekani. Akawa anasoma mgahawani baada ya wateja wa usiku kuondoka, karasha linanguruma nyuma ya ukuta. Anasema kilichomsaidia ni wateja wenyewe. Wachimbaji wakijua anasoma nini walimletea migogoro yao, huyu kadhulumiwa mgawo wa mawe, yule leseni yake imeuzwa mara mbili. Akawa anaigeuza kuwa maswali ya mtihani, anaandika majibu kwa Kiingereza, kisha anawasomea kwa Kiswahili kuona kama inaeleweka. Wakikunja uso, anaandika upya.

Siku ya kwenda kurudia mtihani alipanda basi la alfajiri. Ni karibu kilomita 1,000 na zaidi mpaka Dar. Mzee mmoja wa duara akamletea elfu ishirini stendi, akamwambia, "Mwanangu, nenda. Kesi yangu inakusubiri."

Sup alizifuta. Alipoapishwa mbele ya Jaji Mkuu, mama alishindwa kwenda kwa sababu ya nauli, akaangalia picha kwenye simu ya mteja. Na yule mzee kesi yake ni ya mpaka wa duara, ipo mahakamani mpaka leo.