Sikoseli, malaria na lile swali la baiolojia

Najua nimepotea, msinipige mawe. Wiki mbili hizi ni test juu ya test, bumu nalo halijatoka, hata hamu ya kuandika ikakata. Ila jioni hii tulikuwa tumekaa chumba cha jirani tunapiga soga, jamaa mmoja akadai baiolojia ya sekondari ni ya kukariri tu: Mendel na njegere zake, Darwin na ndege wake, ukitoka kwenye mtihani unasahau. Jamaa anasoma uhasibu, nimemsamehe. Lakini nimerudi chumbani roho inaniuma. Kwangu mimi mada ya urithi haikuwa njegere. Ilikuwa mdogo wangu.

Mdogo wangu ana sikoseli, au selimundu kama inavyoitwa kwenye vitabu. Alizaliwa mzima kabisa, mnene. Alipofika miezi kama saba vidole vya mikono na miguu vikaanza kuvimba, mtoto analia usiku kucha. (Nilikuja kuelewa baadaye: mtoto mchanga anatumia himoglobini ya tumboni kwa miezi ya mwanzo, hiyo haina tatizo. Ikipungua, ndipo ugonjwa unajitokeza.) Wakati huo nyumbani hakuna aliyejua. Bibi mzaa baba akasema ukoo wa mama una mkosi. Mama akayabeba maneno hayo miaka, hakumjibu mtu.

Basi siku moja mwalimu wetu wa Form Four akachora ubaoni kile kijedwali cha Punnett: AS mara AS. Wenzangu wananakili, mimi nimeganda naitazama ile S ya upande wa baba. Mtoto hawezi kuwa SS bila kupokea S moja kwa mama na moja kwa baba. Mwalimu akafuta ubao, akasema hili linapenda kutoka kwenye mtihani. Hakusema zaidi, na historia yake nimeifukua mwenyewe hapa chuoni.

Kwenye maandishi ya madaktari ugonjwa huu unaanzia Chicago. Mwaka 1904 kijana mmoja kutoka Grenada, Walter Clement Noel, mwanafunzi wa udaktari wa meno, alilazwa hospitali akiwa hoi. Kwenye darubini chembe nyekundu za damu yake zilionekana ndefu na zilizopinda kama mundu. Daktari James Herrick akaandika habari hiyo mwaka 1910. Huku kwetu watoto walikuwa wanakufa nao zamani sana kabla ya hapo, ila hakuna aliyewaandika.

Mwaka wenyewe hasa ni 1949. Linus Pauling na wenzake kule Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa hawa si sawa na ya watu wengine, yaani kosa liko kwenye molekuli yenyewe. Mwaka huohuo James Neel akaeleza ugonjwa unavyorithiwa. Na mwaka huohuo tena, kijana aitwaye Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekulia Kenya, akaja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford kwenda Mlima Kenya. Wenzake wanakusanya mimea na wadudu, yeye anakusanya damu za watu.

Alichokiona ndicho kinachonisisimua mpaka leo. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wanabeba S. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100! Akajiuliza: kama SS walikuwa wanakufa wadogo bila kuzaa, mbona S haijaisha? Kwa hesabu ya Darwin ilitakiwa iwe imefutika siku nyingi. Halafu akaangalia ramani: penye S nyingi ndipo penye mbu wengi. Sisi tuliozaliwa kanda ya ziwa hatuhitaji kuelezwa habari za mbu.

Alirudi Oxford kumalizia udaktari, akaja tena mwaka 1953. Uganda alipima watoto 290. Kati ya 43 wenye S, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, waliokutwa navyo ni 113. Pigeni hesabu wenyewe: 28% dhidi ya 46%. Akapima pia maelfu ya watu wa makabila mengi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ramani ikakubali ileile.

Ila kuna sehemu moja kila nikiifikia nasita. Nairobi alichukua Wajaluo 30 waliojitolea, 15 wenye S na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria makusudi. Wasio na S wakaugua 14. Wenye S wakaugua 2. Walitibiwa baadaye, na utaratibu wa kujitolea namna hiyo ulikuwepo sehemu nyingi duniani enzi hizo. Lakini jamani, Kenya ya 1953 ilikuwa chini ya hali ya hatari ya mkoloni. Mwafrika aliyeombwa damu na mwili wake na daktari Mzungu alikuwa na uhuru kiasi gani wa kusema hapana? Sisemi Allison alikuwa mtu mbaya. Nasema jina lake liko kwenye vitabu, na ya wale 30 sijayaona kwenye desa lolote nililowahi kusoma.

Matokeo yalitoka mwaka 1954 na wengi hawakuamini. Waliojaribu kurudia walipata majibu yanayopingana. Ilichukua muda mpaka ikakubalika, na tafiti za watoto magharibi mwa Kenya (2002) na Kilifi (2005) zilithibitisha kwamba mwenye AS anakingwa hasa na malaria kali, ile inayoua. Vernon Ingram naye alishaonyesha kufikia 1957 kwamba tofauti yote ni asidi ya amino moja, ya sita kwenye mnyororo wenye 146. Kitu kidogo hivyo!

Kwa hiyo AS anaponea malaria, anazaa, anaipitisha S mbele. Bei ya kinga yake inalipwa na SS. Na SS mwenyewe hana nafuu, malaria ikimpata ndiyo inammaliza haraka zaidi. Kuna watu wanachanganya hapa, wanafikiri mgonjwa wa sikoseli haugui malaria. Si kweli kabisa, chandarua alale ndani yake kila siku.

Tiba zipo siku hizi. Muhimbili walianzisha mpango wao wa sikoseli mwaka 2004, na mdogo wangu anatumia haidroksiyurea, maumivu yamepungua sana. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani waliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni zenyewe. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, yaani tukusanye bumu la hall zima bado tunachekwa.

Likizo iliyopita nilichora kile kijedwali nyuma ya daftari, mbele ya mama na bibi. Nikaeleza kwamba kila mimba ni bahati nasibu yake, robo AA, nusu AS, robo SS. Mimi mwenyewe nimepima, ni AS. Bibi akakitazama muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo mume wangu, na sisi huku tunayo?" Nikamwambia ndiyo bibi, lazima imetoka na kwenu. Akanyamaza. Halafu akataja majina mawili, watoto wake waliofariki kabla hawajasimama dede, ambao miaka yote tuliambiwa ni degedege. Mama akaacha kuchambua mchele.

Bibi akasogeza kigoda karibu, akasema, "Hebu chora tena, taratibu."

Haya wadau, kesho nina prakito saa mbili asubuhi. Usiku mwema.