Upasuaji au Uchanguaji?

"Leo tumepasua panya," mwanafunzi wa kidato cha tano huwaambia wa nyumbani akitoka maabara. Darasani mwalimu alisema dissection. Kwa Kiswahili tumezoea kuiita kazi hiyo upasuaji. Nyumbani wote humwelewa. Lakini neno hilo hilo ndilo la hospitali, na kazi hizi mbili zina miisho tofauti. Daktari hupasua ili atibu, kisha hushona. Mwanafunzi hupasua ili aone, kisha huchora na kuandika majina ya viungo.

Istilahi ya Kiingereza imetokana na neno la Kilatini dissecare, yaani kukata na kutenganisha. Kupasua kumebeba nusu ya kwanza. Nusu ya pili, kutenganisha, ndiyo yenye elimu.

Mtazame mwanafunzi hodari. Panya aliyekwisha kufa kwa klorofomu amelazwa chali kwenye sinia lenye nta, miguu imebanwa kwa pini. Mwanafunzi huinua ngozi ya tumbo kwa koleo dogo, huikata kwa mkasi na kuiachanisha taratibu na misuli. Akifika kwenye misuli yenyewe, ncha butu ya mkasi ndiyo huingia ndani, ili matumbo yasitoboke. Baada ya hapo mkasi hupumzika. Utumbo hukunjuliwa kwa vidole, ini huinuliwa, na hapo hugundua kwamba panya hana kifuko cha nyongo, ilhali chura anacho. Aliyekata ovyo angedhani amekiharibu mwenyewe.

Kiswahili kina neno linaloifaa kazi hii: kuchangua, yaani kutenganisha mwili wa mnyama kiungo kwa kiungo. Anayechangua mbuzi vizuri hatumii nguvu. Hutafuta maungio, kisu kikapita chenyewe. Ndugu wa neno hilo, kuchanganua, ni kinyume cha kuchanganya, na tayari tunalitumia tunapochambua sentensi na takwimu.

Kwa hiyo napendekeza upasuaji ubaki wa hospitali, na maabara ya biolojia ipewe uchanguaji. Panya yule amekufa kwa ajili ya somo. Mwanafunzi akiambiwa tangu mwanzo kwamba amekuja kuchangua, ataweka mkasi chini mapema, atumie vidole na macho.