Safu ya Lugha: Kipokezi

Kitenzi pokea kimezaa mpokeaji, mapokezi na, katika vitabu vya biolojia, kipokezi: protini iliyojikita kwenye utando wa seli, tayari kushikana na kemikali inayooana nayo. Neno ni zuri, ingawa kipokezi hakiishii kupokea. Kikishashikwa, hupeleka taarifa ndani ya seli, na hapo ndipo kazi huanza.

Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, mwanasayansi wa Georgia, Marekani, alieleza kwamba adrenalini hutumia vipokezi vya aina mbili. Akaziita alfa na beta.

Beta ndiyo yenye mambo, maana nayo imegawanyika, zikiwemo beta-1 na beta-2. Mtu akikurupushwa na mbwa mkali, adrenalini hushika vipokezi vya beta-1 moyoni, na mapigo huenda mbio kwa nguvu. Hiyo hiyo hushika vya beta-2 mapafuni, na misuli inayozunguka njia za hewa hulegea, pumzi ikapita. Kemikali moja, kazi mbili zinazokinzana!

Tiba imejengwa juu ya tofauti hiyo. Salbutamoli, dawa ya pampu ya pumu, huamsha hasa beta-2. Propranololi, dawa ya moyo na ya presha iliyotengenezwa Uingereza miaka ya 1960 na kundi la James Black, mshindi wa Nobel wa 1988, huziba beta-1 na beta-2 pia: moyo hutulia, lakini mwenye pumu anaweza kubanwa kifua vibaya.

Kwa hiyo, msomaji mwenye pumu, ukiandikiwa dawa ya moyo au ya presha, mwambie daktari habari ya pumu yako kabla hujaimeza.