Waliotutangulia Walibeba Mizani

Mtaani Nairobi, Mathari ni tusi. Ukionekana umechanganyikiwa, utaulizwa ulitoroka lini. Hospitali hiyo ya akili ilifunguliwa mwaka wa 1910, lakini shuleni hakuna aliyetuambia yaliyosemwa na baadhi ya madaktari wake kuhusu vichwa vyetu.

Miaka ya 1930, H. L. Gordon, daktari aliyehudumu Mathari, alishikilia kwamba Mwafrika huzaliwa na akili pungufu. Mwenzake, F. W. Vint, alipima ubongo wa Waafrika waliokufa, kwa mizani na kwa darubini, akachapisha matokeo mwaka wa 1934. Mwaka mmoja kabla, walowezi wa Nairobi walikuwa wameunda chama cha kuchunguza namna ya “kuboresha mbari”. Hiyo nayo ilikuwa kampeni ya kuhamasisha umma. Ila umma wenyewe ulikuwa Wazungu. Sisi tulikuwa kwenye mizani.

Kisha akaja J. C. Carothers, aliyesimamia Mathari kuanzia 1938. Mwaka wa 1953, Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kinachomlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha ripoti yake kuhusu Mau Mau. Watu walikuwa wanadai ardhi na uhuru. Yeye akawaeleza kama watu waliovurugika akili. Frantz Fanon alimjibu mwaka wa 1961, lakini sidhani jibu hilo lilifika Kayole.

Siku hizi kampeni ni tofauti. Tangu 1996 kuna wiki maalum ya ubongo kila Machi, iliyoanzia Marekani na kuenea nchi nyingi. Nimesaidia kuandaa kikao cha aina hiyo katika ukumbi wa mtaa: viti vya kukodi, mfano wa ubongo wa plastiki, wanafunzi wawili wa udaktari. Kabla hawajaanza, shosho mmoja akainua mkono: “Mkishamaliza kutufunza, mtachukua nini?”

Vijana wakacheka. Mimi niliona ni swali la haki, na limechelewa miaka 90.

Tulimjibu wazi: hatuchukui damu, hatuandiki majina, hakuna fomu. Hapo ndipo watu walipofunguka, na wengi walitaka kujua kuhusu kifafa. Je, povu huambukiza? La, haliambukizi. Mtu akianguka, ondoa vitu vigumu karibu naye, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni. Degedege likipita dakika 5, mkimbize hospitali. Mama mmoja alisema mwanawe ameacha shule kwa sababu wenzake wanaogopa kumgusa.

Mtoto huyo ndiye anayelipa tunapoanza na mchoro wa neva na kuruka historia. Watu wakishatushuku, hata ukweli kuhusu povu hawatausikia. Kwa hivyo tukirudi Machi, tutaanza na Gordon, Vint na Carothers, kisha tuulize darasa lake liko wapi, twende tukaongee na hao wenzake.