Matthew Lyon, Mbunge wa Vermont Aliyeshinda Akiwa Gerezani

Anayeijua historia ya Bunge la Marekani akisikia jina la Matthew Lyon hukumbuka mate. Tarehe 30 Januari 1798, mjini Philadelphia, mbunge huyo wa Vermont alimtemea usoni Roger Griswold wa Connecticut, aliyemchokoza kwa aibu ya zamani ya kufukuzwa jeshini. Wiki mbili baadaye wakatwangana humohumo bungeni, Griswold kwa bakora, Lyon kwa koleo la moto. Kisa ni kitamu, na ndicho kilichomponza Lyon katika vitabu: mtu aliyetoka Ireland bila nauli, akailipa kwa kutumikishwa, kisha akaanzisha mji wa Fair Haven na viwanda vyake, amebaki kuwa mhuni tu. Uzito wake uko kwenye kesi ya Oktoba 1798.

Miezi mitatu kabla, Rais John Adams alikuwa ametia saini Sheria ya Uchochezi, iliyofanya maandishi ya kuikashifu serikali au rais kuwa kosa. Lyon alishtakiwa kwa barua iliyomsema Adams kuwa anapenda makuu na sifa, aliyoiandika Juni, sheria ikiwa haijapita. Watetezi wa sheria watajibu kwamba ilichapishwa baadaye, na kwamba mshtakiwa aliruhusiwa kuthibitisha ukweli wa maneno yake. Ruhusa hiyo ilikuwa bure, maana maoni huthibitishwaje? Lyon alijaribu. Alimuuliza Jaji William Paterson kama hakuwahi kula nyumbani kwa rais na kuyaona makuu hayo. Jaji, akigeuka shahidi katika kesi anayoiendesha mwenyewe, akajibu kwamba aliona usahili mtupu. Hukumu ikawa kifungo cha miezi 4 na faini ya dola 1,000.

Katika uchaguzi wa ubunge wa Septemba, Lyon alikuwa amekosa wingi wa kura uliotakiwa. Desemba, akiwa gereza la Vergennes, alishinda marudio waziwazi. Huenda kupungua kwa wagombea kulimsaidia, lakini waliompigia walijua wanamchagua mfungwa, na wabunge waliotaka kumfukuza wakakosa theluthi mbili. Majigambo yake kwamba ndiye aliyempa Thomas Jefferson urais mwaka 1801, Bunge lilipomchagua rais kwa kura za majimbo, siyakubali yote: kura ya Vermont ilikuwa mkononi mwake baada ya mbunge mwenzake wa Vermont, Lewis Morris, kujitoa, ila Maryland nayo iligeuka katika duru hiyohiyo ya 36. Baadaye alihamia Kentucky, akaiwakilisha hadi 1811, na mwanawe Chittenden akaja kuingia bungeni kutoka hukohuko. Faini ile Bunge liliirudisha kwa warithi, pamoja na riba, mwaka 1840, miaka 18 tangu Lyon afariki.